Jinsi ya Kuwa Mchezaji Mzuri wa Poka: Mwongozo Kamili kutoka Mwanza

Mwanza karata hazitafutwi. Utazikuta Mwaloni Kirumba wapakiaji wakisubiri mitumbwi, utazikuta Kamanga watu wakisubiri kivuko, utazikuta kwenye baraza za Mabatini na Igoma Jumapili jioni. Wengi wanacheza lasti kadi, na wapo waliobobea kiasi kwamba ukikaa nao unaondoka umepigwa bila kujua ulipigiwa wapi. Siku hizi vijana wengi wameijua poka kupitia simu, na hapo ndipo mafundi wetu wa lasti kadi wanapokwama. Wanadhani poka ni karata nzuri na uso mkavu.

Karata nzuri zitakuja kwako na zitakuja kwa jirani yako, na kwa muda mrefu mtagawiwa sawasawa. Tofauti inatokea kwenye kiasi unacholipa ukiwa nyuma na kiasi unachokusanya ukiwa mbele. Hayo ni maamuzi, na maamuzi yanajifunzwa, yanaandikwa, yanapimwa. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilo moja: pima uamuzi ulioufanya, usipime kama ulishinda au ulishindwa mzunguko ule.

Kwanza, tuelewane maneno

Nazungumzia Texas Hold'em, ndiyo poka inayochezwa zaidi duniani. Bunge la jimbo la Texas liliutambua rasmi mji wa Robstown mwaka 2007 kuwa mahali mchezo huu ulipozaliwa. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tatu kwa mpigo (flopu), halafu ya nne, halafu ya tano. Unaunda mkono bora wa karata tano kutoka katika hizo saba. Watu wawili walio kushoto kwa mgawaji wanaweka vianzio (madau ya lazima) kabla hawajaona kitu, kidogo na kikubwa. Kila duru unaweza kugonga meza bila kuweka kitu (kama hakuna aliyeweka), kuweka dau, kulipia dau la mwenzako, kupandisha, au kutupa karata. Zinazokusanyika katikati nitaziita fungu. Kama bado unababaika kati ya flashi (karata tano za alama moja) na fuli hausi (tatu za aina moja pamoja na jozi), maliza hilo kwanza jioni moja na rafiki mvumilivu, kisha urudi hapa.

Hatua ya 1: Andaa meza isiyotumia pesa

Unahitaji pakiti moja ya karata 52 (toa majokari), daftari la kurasa nyingi, na vitu vya kuhesabia. Punje ya mahindi iwe 1, harage liwe 5, kizibo cha soda kiwe 20. Mpe kila mchezaji punje 20, maharage 12 na vizibo 6, jumla 200. Kianzio kidogo kiwe 1 na kikubwa kiwe 2. Kwa hiyo kila mtu anaanza na vianzio vikubwa 100, kiasi kinachotosha kufikiri kwa kina bila kila mzunguko kuishia kwa mtu kumwaga vyote alivyo navyo. Ukichezea nje, weka punje kwenye sahani, maana upepo wa ziwani wa alasiri hauna huruma.

Nasisitiza kuanza bila shilingi hata moja, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni sheria: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka anayeendesha mchezo wa pesa awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Ya pili ni kwamba pesa inaharibu masomo. Mtu mwenye nauli ya daladala mezani hafikirii uwezekano, anafikiria atafikaje Nyegezi. Na tumeona vijana wa mji huu wanavyomaliza mshahara kwenye kubeti. Sitaki mwongozo huu uwe mlango mwingine wa kuingilia huko.

Lakini mchezo usio na uchungu wowote nao haufundishi, kwa kuwa kila mtu atalipia kila kitu aone kitakachotokea. Dawa yake ni msimamo. Kila jioni andikeni nani alimaliza na kiasi gani, jumlisheni kwa mwezi mzima, bandikeni ukutani. Wa mwisho anafagia baraza mwezi unaofuata. Utashangaa watu wazima wanavyoanza kutupa karata mbovu kwa ajili ya ufagio.

Jambo dogo ambalo vijiwe vingi vinalipuuza ni kuchanga karata. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walichapisha hesabu inayoonyesha kwamba pakiti ya 52 inahitaji kuchangwa mara saba hivi, kwa mtindo wa kugawa pakiti mbili na kuziingiza karata pande mbili zifumane, ndipo ivurugike vya kutosha. Ule mtindo wetu wa kuvuta vifungu mkononi unahitaji mara nyingi mno kuliko hapo. Kama hamwezi kuzifumanisha, zimwageni mkekani kifudifudi, zikorogeni kwa viganja vyote viwili kwa dakika nzima, kisha zikusanyeni. Karata zisipovurugika, mazoezi yote yanayofuata yatawafundisha uongo.

Hatua ya 2: Tupa karata nyingi kabla ya flopu

Kuna michanganyiko 1,326 ya karata mbili za kuanzia. Jozi ya aina yoyote inakuja wastani wa mara moja katika 17. Esi mbili zinakuja mara moja katika 221. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya unachogawiwa ni takataka, na mchezaji anayeshiriki mizunguko yote anachangia wenzake.

Kwa meza ya watu sita, anza hivi. Ukiwa wa kwanza kuzungumza, cheza jozi kuanzia saba-saba kwenda juu, esi-kingi, esi-kwini, esi-jeki za alama moja na kingi-kwini za alama moja. Mengine tupa. Kadiri unavyokaribia kiti cha mgawaji, ongeza: jozi zote, esi yoyote yenye karata ya alama yake, karata kubwa mbili, na zinazofuatana za alama moja kama tisa-nane. Kiti cha mgawaji ndicho bora kuliko vyote, kwa sababu baada ya flopu unazungumza wa mwisho kila duru. Umeshaona wote walichofanya. Wao hawajui utafanya nini. Mtu mwenye nidhamu hapo anaweza kucheza karibu mara mbili ya anazocheza akiwa kiti cha kwanza.

Ukiingia, ingia kwa kupandisha, mathalani hadi 5 au 6. Usilipie kianzio tu na kusubiri kudra. Esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya watu wawili zinashuka hadi 73, watatu 64, wanne 56. Ukiruhusu kijiwe kizima kiingie kwa bei ya bure, esi zako zimegeuka kuwa bahati nasibu, kisha utalalamika kwamba esi hazina faida.

Na jozi ndogo? Jozi yoyote inapata ya tatu kwenye flopu mara moja katika nane na nusu hivi. Zilipie kwa bei ndogo tu, na mpinzani awe na akiba kubwa ya kukulipa zikipata ya tatu.

Hatua ya 3: Jifunze hesabu ya bei

Hapa ndipo panapotenganisha wachezaji, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Nitaupitia mzunguko mmoja taratibu.

Uko kiti cha mgawaji na esi na nane, zote za kopa. Mtu wa kwanza anapandisha hadi 6, unalipia, wenye vianzio wanatupa. Fungu lina 15: sita zake, sita zako, na tatu za vianzio viwili. Flopu inafunuliwa: kwini ya kopa, tisa ya pau, tatu ya kopa. Huna kitu bado, lakini kopa moja ikitokea una flashi kubwa kuliko zote. Anaweka 10. Ulipie?

Hesabu karata za kukuokoa. Kopa ni 13, unaziona nne, zimebaki tisa. Karata ambazo hujaziona ni 47. Kwa hiyo karata ya nne itakuokoa mara 9 katika 47, asilimia 19. Sasa bei: fungu lina 25 baada ya dau lake, na wewe unatakiwa kutoa 10. Jumla itakuwa 35, na mchango wako ni 10 katika 35, yaani asilimia 28 na ushee. Unahitaji 28, una 19. Kwa hesabu kavu, tupa.

Lakini usikimbilie kutupa. Ukikosa, unapoteza 10 mara 38. Ukipata, unapata mara 9. Ili usipate hasara, kila ukipata unatakiwa uvune kama 42. Fungu tayari lina 25. Kwa hiyo jiulize: flashi ikitimia, nitaweza kumtoa huyu 17 zaidi? Bado ana 184 mbele yake, na alivyoweka dau anaonekana ana kitu. Ndiyo, inawezekana kabisa. Tena huenda ana jozi ya kwini, na esi tatu zilizobaki nazo zingekupandisha juu yake. Lipia.

Karata ya nne: nne ya uru. Haijasaidia. Anaweka 30. Fungu sasa ni 65. Uwezekano wako ni 9 katika 46, asilimia 19 na nusu, na bei ni 30 katika 95, karibu asilimia 32. Ukipiga hesabu ile ile, kila ukipata unatakiwa kuvuna kama 123, na fungu lina 65. Zinakosekana 58, na karata imebaki moja tu. Kopa ya tatu ikitua mezani kila mwenye macho ataiona. Atalipa 58? Mtu makini hatalipa. Tupa, bila kinyongo. Ulilipia vizuri, na umetupa vizuri, katika mzunguko mmoja.

Mezani hutakuwa na muda wa kugawanya, kwa hiyo kariri njia ya mkato. Zidisha karata za kukuokoa kwa 2 kupata asilimia ya karata moja ijayo. Zidisha kwa 4 ikiwa uko kwenye flopu na mtu ameshamwaga vyote, maana utaona karata zote mbili bila kulipa tena. Flashi ya kusubiri, karata 9, inakupa 36. Hesabu kamili ni 35. Mfululizo (karata tano zinazofuatana) ulio wazi pande zote mbili, karata 8, inakupa 32. Kamili ni 31 na nusu. Mfululizo unaokosa karata ya katikati, karata 4, ni 16. Karata zikizidi 12 njia hii inakudanganya kidogo kwenda juu: kwa 15 itakuambia 60, kumbe ni 54.

Na bei nazo zikariri. Dau la nusu ya fungu linakutaka uwe na asilimia 25. Dau la fungu zima, asilimia 33. Hizo mbili zinatosha kwa mwanzo.

Zoezi la nyumbani ni hili. Tenga kopa mbili mkononi na flopu yenye kopa mbili. Vuruga karata 47 zilizobaki, funua mbili, andika kama kopa ilitokea, rudisha, vuruga tena. Fanya mara mia moja, kwa awamu, ukisikiliza redio. Utapata kama 35. Ukipata 28 au 42 usishangae. Hilo nalo ni somo, kwamba hata mara mia hazitoshi kuonyesha ukweli kamili.

Hatua ya 4: Acha kukisia karata mbili, fikiria kundi zima

Mchezaji wa kawaida anasema, "Huyu ana esi." Mchezaji mzuri anajiuliza: mtu aliyefanya hivi kabla ya flopu, na hivi baada yake, anaweza kuwa na nini na nini, na kila kimoja kipo mara ngapi?

Hesabu ya michanganyiko ni fupi. Jozi yoyote ina njia 6 za kutokea. Karata mbili tofauti, kama esi-kingi, zina njia 16. Kila karata unayoiona inapunguza.

Tuseme una kingi-kwini na flopu ni kingi, saba, mbili, za alama tofauti. Aliyepandisha mwanzo, mtu anayeingia na karata nyingi kiasi, anaweka dau. Nini kinakupiga? Esi-esi njia 6. Kingi-kingi njia 1 tu, kwa sababu kingi mbili tayari unaziona. Saba-saba 3, mbili-mbili 3. Esi-kingi 8. Jumla 21. Na nini unakipiga? Kingi-jeki 8, kingi-kumi 8, kwini-kwini 3, jeki-jeki 6, kumi-kumi 6. Jumla 31. Lipia bila wasiwasi.

Karata ya nne na ya tano hazileti jipya, naye anaendelea kuweka, kila mara dau zito. Sasa kundi limebadilika. Mwenye kwini-kwini, jeki-jeki au kumi-kumi asingeweka dau la tatu, ameogopa kingi. Mwenye kingi-kumi angegonga meza. Tuseme kingi-jeki bado yumo. Zinazokupiga zimebaki 21, unazozipiga 8. Unashinda mara 8 katika 29, asilimia 27 na nusu. Akiweka fungu zima unahitaji 33: tupa. Akiweka nusu ya fungu unahitaji 25: lipia. Karata ni zile zile, mtu ni yule yule, na jibu limebadilishwa na ukubwa wa dau peke yake.

Napenda sana mfano huu kwa sababu unamwondoa mtu kwenye "nilihisi". Hutaweza kuyafanya yote haya mezani mwanzoni. Yafanye baadaye, nyumbani, na kalamu, na baada ya muda utaanza kuyaona mezani bila kuhesabu moja moja. Angalizo moja: kwenye flopu hii hakukuwa na flashi wala mfululizo wa kusubiri, kwa hiyo waliokosa wakabaki na mkwara (kuweka dau huku huna kitu) ni wachache. Kwenye meza yenye kopa mbili na karata zinazofuatana, waongeze hao kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Mkwara wenye sababu

Kila mtu anataka kujifunza kupiga mkwara kwanza. Nimeuweka hapa makusudi, kwa sababu bila hatua ya tatu na ya nne mkwara ni kelele tu.

Mkwara nao una bei. Ukiweka nusu ya fungu huku huna kitu, unahatarisha 1 kupata 2, kwa hiyo inabidi mpinzani atupe walau mara moja katika tatu. Ukiweka fungu zima, walau nusu ya mara. Kabla hujaweka, jiulize kama kundi lake lina karata za kutosha za kutupa. Kama ni mtu ambaye tangu mwanzo hajatupa hata jozi ya mbili, jibu unalo: usimpigie mkwara, subiri mkono mzuri umtoze. Kwenye meza ya mahindi na maharage hao ndio wengi. Dhidi yao mchezo mzuri ni wa wazi kabisa: ukiwa na kitu weka dau kubwa, ukiwa huna tupa.

Mkwara bora kwa anayejifunza ni ule wenye tumaini nyuma yake. Una flashi ya kusubiri, unaweka dau. Akitupa, umechukua. Akilipia, bado una asilimia zako. Na mkwara lazima usimulie kisa kinacholingana: kama ulikuwa unagonga meza kwenye flopu na karata ya nne, halafu ghafla kwenye ya tano unajifanya una esi tatu, nani ataamini?

Kuhusu kusoma nyuso, watu wanapoteza muda mwingi huko. Januari 2017, kwenye kasino moja ya Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza mizunguko 120,000 dhidi ya mabingwa wanne, mmoja mmoja, na kuwashinda wote. Mwaka 2019 nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Hazikuona jasho la mtu wala mkono unaotetemeka. Zilikuwa na hesabu, na zilipiga mkwara kwa hesabu. Ukitaka kusoma kitu, soma madau: nani huweka kubwa akiwa na mkono mzuri, nani hulipia haraka akiwa anasubiri flashi, nani akipandisha karata ya tano hajawahi kuwa na uongo. Hilo la mwisho limewaokoa wengi.

Hatua ya 6: Daftari

Ukifuata hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Kila jioni chagua mizunguko miwili au mitatu iliyokusumbua. Andika hivi: kiti chako, karata zako, aliyepandisha na kiasi, flopu, kila dau na ukubwa wa fungu wakati huo. Kisha andika ulidhani ana kundi gani, ulihitaji asilimia ngapi, ulikadiria unazo ngapi, na uliamua nini. Matokeo yaandike nyuma ya ukurasa. Nimesema nyuma makusudi. Ukiona mwisho kwanza, akili inatengeneza sababu: ulioshinda unauita ujanja, ulioshindwa unauita upumbavu, na huenda vyote viwili ni kinyume.

Kuna kijiwe kimoja karibu na Makoroboi ambacho mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye msuluhishi wa mabishano. Kijana alimjia mbio na daftari lake.

"Shikamoo mwalimu. Hivi hapa mimi nilikosea kulipia? Kumbe jamaa alikuwa na..."

"Marahaba. Sijakuuliza alikuwa na nini. Fungu lilikuwa ngapi?"

"Arobaini."

"Akaweka?"

"Arobaini."

"Kwa hiyo ulihitaji theluthi. Ulikuwa na karata ngapi za kukuokoa?"

Kijana akahesabu kwa vidole. "Nne."

"Na karata ngapi zimebaki kufunuliwa?"

"Moja."

Mzee akamrudishia daftari. Kijana alikuwa ameshinda mzunguko ule. Karata ya katikati ya mfululizo aliyokuwa akiisubiri ilitua akakusanya vizibo vyote, na alikuja kusifiwa. Alilipia theluthi kwa kitu chenye asilimia tisa. Uamuzi ule akiurudia mwezi mzima, ufagio ni wake.

Uzuri wa bahati ndio unaowadanganya watu muda mrefu kwenye poka. Esi-esi dhidi ya kingi-kingi, vyote vikiwa vimemwagwa kabla ya flopu, inapoteza kama mara 18 katika 100. Utaumia, na utakuwa umefanya kila kitu sawasawa. Mvuvi wa dagaa hapimi nyavu na taa zake kwa usiku mmoja. Anangoja giza lote lipite hadi mwezi unapokuwa mkubwa na mitumbwi ikapumzika, ndipo anapiga hesabu ya msimu. Pima poka yako kwa urefu huo.

Kwa hasira, kanuni fupi: ukipigwa vibaya, simama, kosa mizunguko miwili, kanywe maji. Usikubali kugawiwa ukiwa bado unasimulia ulivyoonewa.

Hatua ya 7: Ratiba ya wiki, na simu

Kwa mtu mwenye kazi, wiki inatosha hivi. Jioni mbili za meza, saa mbili kila moja, si zaidi. Baada ya hapo maamuzi yanalegea. Jioni moja ya daftari, wewe na mwenzako mmoja anayejua kuuliza kama yule mwalimu. Na dakika kumi kila siku za hesabu: jifunulie flopu, jipe karata mbili, taja karata za kukuokoa na asilimia kwa sauti.

Simu inasaidia kwa mambo mawili. Programu za kukokotoa uwezekano wa mkono dhidi ya mkono zipo za bure, na nyingine zinafanya kazi bila bando ukishazipakua. Zitumie kuhakiki ulichoandika kwenye daftari, baada ya kukadiria mwenyewe kwanza. Michezo ya poka ya vijisarafu vya bure inafaa kujifunza mpangilio na kasi tu. Humo watu wanamwaga vyote kwa karata yoyote, na ukizoea kucheza nao utabeba tabia zao. Na pale programu inapoanza kukuuzia hivyo vijisarafu kwa pesa ya kwenye simu, ifute.

Huenda umesikia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyefuzu kupitia shindano dogo la mtandaoni, akashinda mashindano makuu ya dunia mwaka 2003 na kubeba dola milioni 2.5. Kisa ni cha kweli. Kilivuta watu wengi sana kwenye mchezo huu, na siku ile kulikuwa na washiriki 839. Wengine 838 nao walikuwa na ndoto.

Jinsi ya kujua kama umepanda

Baada ya miezi michache fungua daftari, usitazame msimamo wa ukutani. Tafuta mambo matatu. Umelipia madau mangapi ya karata ya tano bila kuandika asilimia uliyohitaji? Hiyo inatakiwa iwe inapungua kila mwezi. Umeingia mizunguko mingapi ukiwa kiti cha kwanza na karata zisizo kwenye orodha ya hatua ya pili? Hiyo nayo. Na makadirio yako ya kundi la mpinzani, karata zilipofunuliwa, zilikuwemo kwenye kundi hilo au nje? Zikiwa nje mara kwa mara kwa mtu yule yule, mpe ukurasa wake peke yake.

Zikishakuwa ndani mara nyingi, kijiwe chako umekimaliza. Waalike wa Kirumba, au wale wa Pasiansi wanaocheza haraka na kupandisha ovyo, na uanze kuandika makundi upya, kwa sababu mtu anayepandisha na kila kitu unamlipia na mikono ambayo kwa mwalimu mstaafu ungeitupa bila kufikiri mara mbili.